Kikao cha Kuchagua Mabafu Mawili ya Kubaki

KAMATI YA MABAFU, NYUMBA ZA WAFANYAKAZI WA KIWANDA CHA NGUO (KILICHOFUNGWA)

Siku: Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni
Mahali: Barazani kwa Katibu

Waliohudhuria:
Nyapara mstaafu wa kiwanda – Mwenyekiti
Mama Uzi, mfumaji mstaafu – Mjumbe
Fundi bomba – Mwalikwa
Mshonaji – Katibu

Hakuhudhuria:
Bwana Redio – Mjumbe. Hakutoa udhuru. Redio yake ilisikika kikao kizima.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kusema kwamba enzi za kiwanda, baraza hii isingetosha hata kwa viatu vya watu. Sasa zimebaki kaya nne na mchango ni mdogo. Aliomba kila mtu aseme kwa kifupi.

KUMB. NA. 2/ TAARIFA YA FUNDI
Fundi alieleza kwamba amekagua mabafu yote manane, manne ya wanaume na manne ya wanawake. Mabomba mengi yameliwa na kutu, koki hazikazi, na maji yanavujia kwenye msingi. Fedha iliyopo inatosha kutengeneza mabafu mawili tu, mengine yazibwe. Alishauri yabaki mawili ya mwanzo upande wa wanaume, ambayo yako karibu na bomba kuu.

Mama Uzi alimuuliza fundi ana umri gani. Fundi alijibu. Mama Uzi alisema alidhani hivyo.

KUMB. NA. 3/ MABAFU YAPI YABAKI
Mwenyekiti aliunga mkono ushauri wa fundi. Mama Uzi alipinga. Alieleza kwamba zamu ikitoka, wanawake waliingia na pamba kichwani kama wamezeeka kwa siku moja, na kwa kuwa ukuta wa katikati haufiki juu, mazungumzo yalivuka. "Marehemu mume wangu aliniposa juu ya ukuta ule, nina povu machoni. Nikamwambia asubiri nijisuuze. Upande wa wanaume wote wakanyamaza, maji tu ndiyo yanasikika."

Mwenyekiti alisema alikuwepo, bafu la jirani na la marehemu. "Hukusema asubiri, shemeji. Ulisema, 'Nani huyo?'"

Mama Uzi alikanusha. Jambo hili lilijadiliwa kwa muda na Katibu alishindwa kupata muafaka.

Mwenyekiti alisisitiza kwamba stori hazizibi bomba. Mama Uzi alisema siku hizi Mwenyekiti ana haraka kama mtu aliyekata tiketi. Mwenyekiti aliomba wajumbe warudi kwenye ajenda.

Fundi aliomba nafasi. Alisema yapo mabafu mawili yaliyopeana mgongo kwenye ukuta huo, moja kila upande. Bomba moja linaweza kuyalisha yote mawili, kwa kutumia vipande vizima vitakavyong'olewa kwingine, na koki zitabadilishwa mipira tu. Ila mtaro ni mrefu zaidi, na wajumbe wachimbe wenyewe.

Iliazimiwa hivyo. Ukuta usiguswe. Kila bafu liwekwe chuma cha kushikia na benchi la saruji. Rangi ingoje.

KUMB. NA. 4/ UCHAGUZI WA MWENYEKITI MPYA
Ajenda hii ililetwa na Mwenyekiti mwenyewe. Alieleza kwamba binti yake amemtaka ahamie kwake, kwenye bafu la ndani na maji ya moto, naye amekubali kuondoka mwisho wa mwezi. Ndiyo maana alitaka kazi iishe upesi.

Aliongeza kwamba tangu mkewe afariki hajaingia mabafuni; hujimwagia kwa ndoo chumbani. "Yeye alizoea kuniuliza kutoka ng'ambo, 'Umemaliza?' Najua nikioga kule nitaganda tu, nikisubiri kuulizwa."

Mama Uzi aliuliza kwa nini hakusema. Mwenyekiti alijibu kwamba hakujua aanzie wapi.

Mama Uzi alisema kazi ikikamilika, yeye ataoga jioni, saa ileile ya kutoka zamu. "Nitauliza. Usipojibu nitajua umeteleza, na nitaita watu."

Mwenyekiti alimuuliza fundi kazi itachukua muda gani. Fundi alisema mwezi ujao, labda katikati. Mwenyekiti alisema binti yake ni mwelewa, kisha akaomba ajenda hii iahirishwe.

Iliahirishwa. Hakuna aliyeuliza hadi lini.

Kikao kilivunjika saa kumi na mbili kasoro, wajumbe wakaenda kutazama mtaro utapita wapi.

.......................
Mwenyekiti

.......................
Katibu