Kikopo Kisicho na Jina

Mji wa Kale, Mombasa
9 Januari 2024

Mdogo wangu Maisara,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Muscat? Kile kifua kimekuacha? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi mwaka huu halina huruma. Saa nne ya asubuhi ukiegemea ukuta, umeshapata moto.

Vikopo vyako kumi na viwili jirani yetu Mahfudha amenifikishia salama katika safari yake ya biashara ya huko. Kimoja nimempa mwanangu Thureya. Wajua tunauza mihogo pamoja pale ufukweni Mama Ngina. Saa tisa tunakuwa tumeshatandika, jua linampiga usoni na moto wa karai unamfukutia kwa chini. Alijaa chunusi hata akawa akihudumia wateja huku ameinamisha kichwa. Kwa umri wa miaka kumi na tisa, si jambo dogo. Basi siku sita tu za dawa yako, uso umelainika kama wa mtoto mchanga. Vyengine nimewagawia wanawake wa mtaani wajaribu, kama ulivyotaka.

Nina la kuuliza. Vikopo havina jina wala maandishi. Ni dawa gani hii? Na mbona nikikupigia simu ya picha huipokei? Mwaka wa pili huu sijakuona.

Dadako,
Ummukulthum


Muscat
17 Januari 2024

Dada yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Nakushika miguu. Kifua kimepona, usiwe na wasiwasi. Nimefurahi mno kusikia habari za Thureya. Mbusu kwa niaba yangu.

Dawa anaichanganya bibi mwenye saluni ninayofanyia kazi. Ni mafuta na majani tu. Karatasi za majina huwekwa kwenye zile za madukani, hizi ni za watu wetu. Apake asubuhi na jioni, asikose hata siku moja. Simu yangu imeharibika kamera, ndiyo maana.

Hao wanawake uliowapa, wanasemaje? Niandikie majina yao.

Nduguyo mdogo,
Maisara


Mji wa Kale
3 Februari 2024

Maisara,

Salamu nyingi. Mimi mzima wa mwili tu, moyo haujatulia. Thureya ameharibika uso.

Ilianza Jumatatu. Tulirudi Mama Ngina akasema mashavu yanamwaka. Asubuhi yake yalikuwa mekundu, yamevimba, na chunusi mpya ndogo ndogo zimemzunguka mdomo. Sasa ngozi inachunika, na chini yake pametokea mabaka meusi. Nimemkanda kwa maji baridi, nimempaka liwa ya kupoza ngozi. Akipigwa na jua la dirishani tu analia.

Nimeshajua limetoka wapi. Unamkumbuka Mutanu, mpangaji wangu wa juu, msichana wa Kitui anayefanya kazi ofisi za bandarini? Kumbe wiki hizo zote alikuwa akimpa mwanangu losheni ya chupa, apake kabla ya kutoka. Nilimwita nikamuuliza.

"Ni ya kukinga jua, mama," akaniambia. "Nami napaka hiyo hiyo. Nilimwambia avae na kofia pana, na asizitumbue chunusi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilimwona anaungua."

Alijibu haraka mno, kama aliyejitayarisha. Na juzi nilimwona mlangoni akikigeuza kikopo chako, akikinusa. Kwa nini akinuse? Binti mzuri humu ndani ni mmoja, na tangu posa ianze kuulizwa, kila mtu anamtazama kwa jicho lake. Nimemwambia Mutanu atafute chumba kwengine.

Dadako,
Ummukulthum


Muscat
5 Februari 2024

Dada,

Natumai barua hii itakukuta na nafuu. Nimeipiga picha nikaituma kwa simu, haiwezi kungoja safari ya Mahfudha.

Pole sana. Umefanya vyema kumwondoa huyo mpangaji. Losheni za chupa zina madawa. Itupeni. Dawa yangu asiiache, akiiacha itazidi. Muongezee kidogo.

Wale wengine wako sawa? Kuna aliyelalamika? Na uliwaambia dawa imetoka kwa nani?

Nduguyo,
Maisara


Mji wa Kale
19 Februari 2024

Maisara,

Salaam. Hujambo?

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mwanzo niliisoma kama mama mwenye mgonjwa, nikamuongezea dawa kama ulivyosema. Akazidi. Ndipo nikaisoma tena, nikaona hukuuliza Thureya amelalaje wala kama anakula. Umeuliza nani amelalamika.

Nilimpeleka kwa daktari wa ngozi, kijana mmoja aitwaye Jaffar. Niliweka mezani vitu vyote viwili, chupa ya Mutanu na kikopo chako. Chupa aliisoma, akaisogeza pembeni.

"Hii haina kosa," akasema. "Laiti angeipaka hii peke yake."

Kikopo alikifungua, akakinusa, kama vile Mutanu alivyokinusa.

"Nani amekupa?"

Nikasema, ni ndugu yangu. Sijui kwa nini niliona haya.

Akanieleza taratibu. Ndani anadhani kuna dawa kali ya kuandikiwa na daktari, imechanganywa na kitu cha kuchubua. Siku za kwanza uso unapendeza. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, na jua hili letu linaingia moja kwa moja. Kikopo amekichukua kikapimwe. Ameandika namna ya kuiacha ile dawa. Thureya anawe kwa sabuni nyepesi, asipake ndimu wala liwa, akae kivulini, na akitoka avae kofia na apake losheni ya jua, arudie kila baada ya saa mbili. Losheni ile ile niliyomfukuzia mwenzangu.

Mutanu amehamia Majengo. Siku aliyoondoka hakunisema vibaya. Alifagia chumba, akanipa ufunguo kwa mikono miwili.

Sasa nakuuliza, ulijua?

Ummukulthum


Mji wa Kale
27 Februari 2024

Maisara,

Siku nane sijapata jibu. Najua umeisoma, simu inanionyesha.

Mahfudha amerudi kutoka huko. Nilimuuliza kama amekuona. Akasema, "Nimemwona macho tu. Tulikuwa chumbani wanawake peke yetu, tunakula, na uso hakuufungua. Alikuwa akipitisha tonge chini ya kitambaa."

Mdogo wangu, una nini usoni?

Ummukulthum


Muscat
4 Machi 2024

Dada Ummukulthum,

Salaam aleikum. Sijui nikuamkie vipi.

Kamera haijaharibika. Mimi ndiye niliyeharibika. Mwaka wa tatu sasa. Mashavu yangu yamekuwa ya rangi ya mkaa, mishipa inaonekana, na nikiacha kupaka hata siku mbili uso unawaka hata silali. Bibi mwenye saluni alisema ni jua la hapa, na ngozi yangu ndiyo mbaya. Kisha akasema ametengeneza nyengine, nyepesi, na kwamba wanawake wa kwetu wakiipenda atanipa niwe wakala wake Mombasa. Nilitaka kurudi nyumbani nikiwa na shughuli yangu, dada. Miaka kumi na moja nimeosha vichwa vya watu.

Umeuliza kama nilijua. Nilijiambia sijui. Lakini ulipoandika kuhusu siku sita, uso kama wa mtoto mchanga, niliketi chini, kwa sababu kwangu pia zilikuwa siku sita. Na nikakuandikia asikose hata siku moja. Kisha ukamtaja yule msichana, nikaona afadhali awe yeye.

Sikuombi kitu.

Maisara


Mji wa Kale
9 Machi 2024

Mdogo wangu Maisara,

Waaleikum salaam. Ramadhani i mlangoni, Mungu atufikishe.

Nimepita kwa wanawake wote kumi na mmoja. Wawili walikuwa wameshaanza kuwaka na walikuwa wakifichana. Mmoja alinifungia mlango. Vikopo nimevikusanya, nimevipeleka kwa daktari. Walipouliza vimetoka kwa nani, nilisema vimetoka kwangu, maana mkono uliowapa ni wangu. Daktari nimempa jina la saluni.

Majengo pia nimekwenda. Mutanu alinikaribisha chai. Nilimwomba radhi, naye akauliza, "Thureya anavaa kofia?" Nikamwambia anavaa. Kurudi kwangu hataki, na sikumlazimisha.

Mwanangu anapata nafuu polepole. Mabaka daktari amesema yatachukua miezi. Wale wa posa wamenyamaza.

Nawe kamwone daktari huko huko, wiki hii, na usiiache dawa kwa pupa. Kisha urudi. Chumba cha juu ki wazi. Sitaki shughuli wala wakala, nakutaka wewe.

Lakini msamaha si wangu peke yangu. Thureya amezisoma barua zako zote. Alipomaliza ile ya mwisho alinirudishia simu, akaniuliza, "Mama mdogo anaongea na wewe tu? Mimi je?"

Basi barua utakayoandika sasa usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Dadako,
Ummukulthum