Dada Rahel, Sasa Tunavaa Marekani

Dada Rahel,

Mvua zimekatika, kahawa ya mama yako imeanza kuwa nyekundu, na Lazaro bado ni mzima wa afya. Naanza na huyo ili nimmalize mapema, ingawa najua atanirudia katikati ya barua kama kikohozi.

Nakuandikia nikiwa barazani kwa mama yako. Yeye amejilaza kidogo ndani. Anakula vizuri siku hizi. Jana alinikuta nalia karibu na banda, akaniambia nikalilie kwingine, kuku wake wasiache kutaga. Basi silii. Nakuandikia.

Hapa Vwawa watu wote wanasema ulikufa kwa kichomi. Ni kweli, hakuna anayesema uongo. Mzee wa kanisa alisema Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Nilimtazama, nikajiuliza mbona yeye hajachumwa mpaka sasa, halafu nikainamisha kichwa kama wengine. Mimi nilikuwa na wewe kila siku, dada. Najua kichomi kilikuingilia wapi. Kiliingilia kwenye mikono ya gauni.

Unakumbuka tulivyokuwa tukivaa zamani? Khanga zetu na blauzi, basi. Ulinipokea dispensari sijui hata kumshika mtoto kwenye mizani bila kufumba macho, ukanifundisha kuosha kidonda, kumkanda mzazi, kukata kitovu. Hakuna mama hata mmoja aliyewahi kukataa kuzalishwa kwa sababu khanga yako ilikuwa na maua. Kisha akapita yule bibi wa Kizungu, mke wa bwana mmoja wa serikali, akatazamatazama, akasema ingependeza kama wanawake wa dispensari wangevaa meupe. Alisema vile mtu anavyosema chai ingependeza na sukari. Akapanda gari lake, hatukumwona tena. Nina hakika kabla hajafika Mbeya alikuwa ameshasahau.

Lakini dresa wetu mkuu, tabibu mfunga vidonda anayetusimamia, hakusahau. Lazaro alilibeba neno lile kama amri iliyoshuka mlimani. Yeye mwenyewe hupewa khaki na serikali, kaptura na mashati, anazichafua anavyotaka na mke wake anazichemsha. Sisi wanawake tuliambiwa tujinunulie. Na tununue gauni lile moja tu lililotundikwa pale dukani, maana ndilo alilosema linafanana na la manesi wa Ulaya. Sijui manesi wa Ulaya aliwaona wapi, labda kwenye kopo la maziwa.

Gauni gani lile, dada. Mikono mirefu mpaka kwenye kiganja, vifungo tangu kooni hadi kiunoni, kola ngumu kama ganda la boga. Ukilichemsha linajikunja na kuwa la njano. Ukilipiga jiweni vifungo vinapasuka. Usipolichemsha, damu ya uzazi haitoki. Tena bei yake ilimeza mshahara wa mwezi mzima na bado ikawa na njaa, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa nalo moja tu. Moja, kwa kazi ya damu, usaha na mikojo ya watoto.

"Mwanamke ndiye sura ya dispensari," Lazaro alituambia, amejishika ukanda.

Tulipofika kijitoni kufua ukaniuliza, "Kama mimi ndiye sura, yeye ni kiungo gani?" Nilikujibu. Jibu lenyewe siliandiki, mama yako anaweza kumpa mtu barua hii amsomee.

Wewe hukuishia kwenye kucheka. Ulikwenda ukatafuta kipande cha marekani, ile nguo ngumu ya pamba isiyopaushwa waliyovaa bibi zetu, ukamfuata ofisini kwake na mimi nimesimama nyuma yako. Ulimwambia kwa heshima zote, "Bwana Dresa, hii inachemshwa, inapigwa jiweni, na kila ikifuliwa inazidi kuwa nyeupe. Kwa bei ya gauni moja la dukani kila mmoja wetu anapata mawili."

Alikishika kile kitambaa kwa vidole viwili, kama nepi.

"Hii ni nguo ya wapagazi," akasema. "Hapa si ghala la mahindi."

Mwanamume yule, ambaye mama yake alibatizwa amevaa marekani, kama mama zetu wote. Ulikunja kipande chako ukashukuru. Sijui ulimshukuru kwa nini. Ndivyo ulivyolelewa.

Halafu ikaja ile mvua ya mwezi wa pili ambayo haikutupa hata mchana mmoja wa jua. Kila jioni unafua, kila asubuhi gauni bado bichi. Ulilianika juu ya moto jikoni, likakauka, ukaja nalo, Lazaro akalinusa mbele ya wagonjwa akakurudisha nyumbani. Gauni lilinuka moshi. Katika nyumba zetu za Mbozi, wakati wa mvua, kitu gani hakinuki moshi? Hata Biblia zinanuka moshi. Toka siku hiyo ukaacha moto, ukawa unalitundika upenuni, na asubuhi unalivaa lilivyo, bichi, unavuka kijito, unapanda kilima kwenye upepo ule. Ukifika, midomo imekuwa ya kijivu. Nikikwambia uvae khanga yangu kwanza, unasema, "Acha, litakaukia mwilini."

Lilikaukia mwilini kweli, wiki baada ya wiki. Kisha ukaanza kushika ubavu.

Mazishini Lazaro aliomba kusema. Alivua kofia akasema hajawahi kuona doa kwenye gauni lako, na kwamba wasichana wote waige mfano wa Rahel. Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Nilitamani udongo wote ule wa kaburi ungekuwa mdomoni mwake badala ya juu yako. Nisamehe kama huko uliko lugha hii hairuhusiwi.

Sasa sikiliza mama yako alivyomfanya. Matanga hayajaanuliwa, wageni kutoka Nanyala bado wako uani, Lazaro akaja, akapiga magoti vizuri, akatoa pole. Kisha akasema dispensari inamleta msichana mwingine, mpwa wake Enesi, na kwa kuwa mambo ni magumu, lile gauni la marehemu lingemfaa.

Mama yako alimsogezea kigoda.

"Bado halijakauka, baba," akamwambia.

Gauni lilikuwa limekunjwa sandukuni, kavu kabisa, mimi mwenyewe nililikunja. Lazaro akaenda. Akarudi wiki nyingine. "Mvua ya mwaka huu, baba, unaiona mwenyewe. Bado." Akarudi tena, siku hiyo jua linawaka mpaka mbwa wamejificha. Mama yako akaangalia mbinguni, akasema, "Bado lina unyevu kwenye mikono." Nafikiri siku ile alielewa, maana hakurudi. Ilimbidi amnunulie Enesi gauni jipya kutoka mfukoni mwake, na nilivyomwona usoni, hilo lilimuuma kuliko msiba.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia huyo Enesi. Sikuweza. Ni msichana mpole, anasema polepole, anaogopa sindano kuliko wagonjwa. Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha. Asubuhi moja alikuja kazini meno yanagongana, gauni limemgandia mgongoni. Nilisimama pale mlangoni, dada. Niliona mgongo wako.

Nikamvuta chumba cha kuchemshia maji, nikamvua, nikamfunga khanga yangu.

"Mjomba anasema nitazoea," akaniambia.

"Hata Rahel alizoea," nikamjibu.

Alikuwa anajua. Watoto wa nyumba ile wanamjua yule mtu kuliko sisi.

Jumamosi nilipanda lori la mahindi mpaka Tunduma, nikavuka upande wa pili kwa mama mdogo, yule ambaye mume wake yuko migodini kwenye shaba. Kule marekani ni rahisi kuliko kwetu. Mama mdogo alipatana bei na muuzaji kwa Kibemba, na muuzaji alipogeuka kupima akamtukana kwa Kinamwanga kwa sababu ya kuvuta kitambaa apunje. Muuzaji alikuwa Mnamwanga. Tulipimiwa vizuri sana baada ya hapo. Fedha tulichanga mimi, Enesi na mama yako, aliyeuza jogoo wake. Nilimkataza, akaniambia jogoo ni wake na mtoto aliyekufa ni wake.

Fundi cherehani wa Vwawa alikataa kutushonea. Cherehani yake iko barazani pa duka, na mwenye duka ndiye anayeuza yale magauni. Alisema kwa sauti ndogo, "Dada, naomba usinitafutie shida," huku anaangalia kama anatazamwa. Nilimwambia aendelee kushona kola. Tukashona kwa mkono, hapa hapa nilipokaa. Mama yako alikata, kwa mtindo ule uliouchora kwa kidole kwenye majivu ya jiko siku moja ukituchekesha: mikono mifupi juu ya kiwiko, mgongo wazi, kamba mbili za kufunga nyuma, kifungo hata kimoja hakuna. Enesi alijichoma sindano mpaka nikadhani tutalifua gauni kabla halijavaliwa. Magauni mawili kwa kila mmoja wetu. Tuliyachemsha kwenye sufuria la pombe la jirani, yakatoka mepesi na laini.

Siku ya kliniki tukaingia nayo. Baraza imejaa akina mama na watoto wao. Lazaro akatokea mlangoni.

"Mmevaa nini?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa njia nzima. Enesi akanitangulia.

"Nguo kavu, mjomba."

Alitufukuza pale pale. Tuliondoka bila kugombana, tukakaa chini ukingoni mwa barabara, tunaona kila kitu. Bibi mmoja mzee wa Nanyala aliuliza kwa sauti ni nani sasa atakayewapima watoto. Lazaro akasema atawapima yeye. Akamchukua mtoto wa kwanza kama anayechukua chungu cha moto, akamnyanyua kuelekea kwenye mizani, na yule mtoto, Mungu ambariki akue awe mtu mkubwa, akamkojolea kuanzia mfuko wa shati mpaka kwenye soksi. Akina mama hawakucheka. Walimtazama tu, baraza nzima, wakamtazama mpaka akamrudisha mtoto kwa mwenyewe. Akaja ukingoni mwa barabara, anachuruzika.

"Rudini," akasema. "Kwa leo tu."

Hiyo leo haijaisha mpaka sasa.

Mwezi wa tano daktari alikuja kutoka Mbeya kukagua. Akashika kitambaa cha gauni langu, akaangalia mgongo wa Enesi, akauliza ni wazo la nani. Nilikuwa nafungua mdomo. Lazaro akasogea mbele.

"Nilifikiri, Daktari, kwa hali ya hewa ya huku Mbozi, na kwa usafi, marekani ingefaa zaidi."

Enesi akageuka kumtazama. Nikamkanyaga kidole cha mguu. Daktari alimpongeza Lazaro, akampa mkono, akasema atashauri dispensari inunue kitambaa yenyewe, magauni mawili kwa kila mwanamke, na hivyo hivyo kwa dispensari ya kule Mpemba na kwingine. Tangu siku hiyo Lazaro anatembea kifua mbele, anawaeleza wageni faida za marekani, kwamba inachemshwa, inapigwa jiweni, inazidi kuwa nyeupe. Anayasema maneno yako, dada, moja baada ya jingine. Nadhani amesahau aliyasikia wapi.

Enesi alikasirika sana na mimi. Nilimwambia sifa ni kama mfupa usio na nyama, mwachie mbwa autafune, ilimradi kitambaa kinakuja. Angepewa hata nishani ningemfungia kifuani kwa mikono yangu. Mtu anayehitaji kumwibia marehemu ili aonekane ana akili, umnyang'anye nini tena?

Kitambaa kimekuja. Robota zima.

Jambo la mwisho nililotaka kukwambia ni la Alhamisi iliyopita. Mama mmoja alishikwa na uchungu akitoka shambani kwa mlowezi kuchuma kahawa, wakamleta kwa machela. Mtoto alitanguliza makalio. Nilifanya ulivyonifundisha, sikuvuta, nilisubiri, nikawa namwambia yule mama maneno yale yale uliyokuwa unawaambia. Wamepona wote wawili. Mtoto wa kike, mweusi mzuri, mkali. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa damu mpaka kwenye magoti, na upepo wa mwezi wa sita unajua ulivyo. Nikaenda chumba cha maji, nikavua gauni, nikalitia kwenye sufuria. Nikachukua la pili kwenye msumari, nikalivaa. Lilikuwa kavu, dada. Lilikuwa kavu kila mahali. Nikakaa sakafuni pale karibu na moto, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na Enesi akafunga mlango asiingie mtu.

Mama yako ameamka, ananiita tuteke maji. Nitamlimia shamba lake mwaka huu na mingine nikijaliwa, usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Lala salama, dada Rahel. Wakimleta msichana mpya hapa, kabla sijamwonyesha mizani wala mlango wa dawa, nitampa magauni mawili mkononi, na nitamwambia jina la aliyeyataka.

Mdogo wako,
Yunesi