Alichoniambia Bwana Athmani

Ijumaa, Lamu. Joto limekaza, hakuna upepo hata wa kupepesa pazia.

Leo nimekwenda kwa Bi Zuhura, mjane wa Bwana Athmani. Yu edani, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, kwa hiyo rubani wa ndege ile iliyoanguka nasi hawezi kumwendea hata mguu ukipona. Na tuliotoka hai ni mimi na rubani tu. Swali la mjane lilikuwa linanisubiri mimi. Nililijua tangu hospitalini.

Mnaonisoma siku zote mnajua nafundisha Kiunga. Ndege ndogo ya tajiri mmoja ilikuja kuchukua masanduku ya kamba hai wa Bwana Athmani, mumewe Bi Zuhura, na ni yeye aliyeniombea nafasi nisihangaike na barabara. Tulipokaribia uwanja wa Manda, mimi, yeye na rubani, injini ikanyamaza. Tukaangukia kwenye tope la mikoko.

Masanduku yalipasuka. Kamba wakanitambaa magotini, hai kabisa, wakikwaruza bati. Mkwaruzo ule nausikia hadi leo nikisugua sufuria.

Bwana Athmani alikuwa amebanwa kitini, na mafuta yananuka. Akaniambia, "Mwanangu, nifungulie mkanda."

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Kifungo kilikuwa kimepinda, na vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu mwingine. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi, nenda."

Nikaenda.

Moto ulishika nikiwa bado natambaa topeni.

Leo Bi Zuhura kanipokea vizuri mno, afadhali angenifukuza. "Ndoo, mwanangu, keti hapa karibu." Kanipa kahawa na halua, kaniuliza mbavu zinaendeleaje. Halafu kanishika mkono. "Nambia kweli. Alitamka shahada?"

Mawifi zake wote wakasogea karibu.

Nikasema, "Alitamka."

Akainua mikono akamshukuru Mungu, uso ukamlegea, nikaona alivyokuwa kabla ya haya yote. Wifi mkubwa akatoka mbio kuwaambia wanaume barazani. Nilipokuwa narudi nyumbani, wanawake wawili walinisimamisha njiani wakanibusu mkono. Mimi!

Nimejitetea njia nzima. Labda alitamka kimoyomoyo. Labda alitamka nilipokwisha kutoka. Nani anaweza kusema hakutamka? Huenda nimesema kweli bila kujua.

Lakini nilipokuwa nikiaga, aliniuliza kwa sauti ndogo, kama mwenye haya, "Hakusema neno jingine?"

Nikamjibu hapana.

Hilo ndilo linalonitafuna. Shahada ni yetu sote. "Basi, nenda" ni ya Bwana Athmani peke yake: mtu amekwama, anajua kinachokuja, na bado anamhurumia mtoto wa mwenziwe. Mke aliyelala naye ujana wake wote angemtambua papo hapo kwa maneno mawili yale. Nami nimemnyima, nikajiita mwenye huruma.

Na tuseme ukweli, haikuwa huruma. Siwezi kumpa maneno yale bila kumpa yaliyoyatangulia.

Kesho nitarudi, nitamwambia yote. Nimeshakata shauri. Sina hofu atanilaani kwa uongo wa leo. Naogopa ataishika mikono yangu, aitazame, aniulize ilishindwaje kufungua mkanda mmoja.