Pole Uliyompa Shangazi

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kukusemesha bila kukuamkia. Ulinichapa sana kwa hilo.

Shangazi Somoe, dada yako, tumemzika Ijumaa. Hakukusamehe, baba. Nilimbembeleza mpaka nikachoka.

Unaikumbuka asubuhi ile ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Wewe ulikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na lori la kutubeba lilishafika. Shangazi alikuwa ndani, yumo edani, mjane asiyetoka nje mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Hata nusu hakuwa amefika. Majirani walikusihi umwache amalize eda ya mumewe. Ukasema, "Nikianza na wa kwetu, hakuna atakayesema nina upendeleo." Ukapanda juu mwenyewe, ukaanza kuezua makuti ya paa lake. Mimi, msichana mkubwa wa kuolewa, nilisimama nikitazama, sikusema neno. Alitoka na nguo zake za eda, akakaa juani mbele ya wanaume chungu nzima, kanga kaivuta mpaka usoni. Kaburi la mumewe na mikorosho yake tukaviacha huko.

Jioni ulimwendea ukasema, "Pole, dada." Alikutazama tu. Tangu hapo pole zako hazikuisha. Ukimletea samaki kutoka Kiswere, pole. Akiumwa mgongo, pole. Mimi nilimwona mkaidi. Jamani, kaka mtu anyenyekee vipi tena?

Halafu akaja yule bwana mkubwa wa serikali kwenye mkutano wa kijiji, miaka imeshapita, akasema, "Palitokea makosa madogo madogo. Tuyasahau, tujenge nchi." Palitokea! Kama mvua vile. Ulipiga makofi kuliko wote, huku ukigeuka kutazama kama shangazi naye anapiga. Alikuwa ameshaondoka zake.

Siku ya maziko yako, kabla jeneza halijanyanyuliwa, shehe aliomba kila uliyemkosea akusamehe. "Tumemsamehe!" uwanja mzima ukaitikia. Ndani, kati ya wanawake, shangazi alinyamaza. Nikamshika miguu.

"Shangazi, msamehe baba, ndio anatolewa hivyo."

"Kwani aliniomba?"

"Si alikuwa anakupa pole miaka yote?"

"Pole hata mpita njia hunipa, mwanangu. Mpita njia hakuniezulia makuti."

Nilimchukia, baba. Nikamsema visimani kwamba ana roho ngumu, mpaka watoto wadogo wakawa wanamkwepa. Loo, aibu yangu! Ilinichukua miaka kuelewa kwamba yule mama hakuwa akikunyima kitu. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

Wiki iliyopita nilikuwa namkanda miguu, imevimba, hawezi hata kukaa. Nikashtukia nimesema, "Shangazi, siku ile nilikuwepo na nilinyamaza. Kisha nikakusema kwa watu. Nimekukosea, nisamehe."

Alilia mpaka nikaogopa. Akanishika kichwa, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Nimekusamehe kabisa." Kisha akauliza, taratibu, kama mtoto, "Na baba yako alishindwa nini?"

Nikaendelea kumkanda miguu. Siku ya tatu akafa.

Dua nakuombea kila Ijumaa, wala sitaacha. Lakini moyo wangu umevunjika, baba, na ni wewe uliyeuvunja.

Mwanao wa kike