Jiwe la Tatu

Jumatatu, 2 Julai 1956

Nianze kwa kuomba radhi. Tangu Pasaka sijaandika hata mstari mmoja. Ninamwomba radhi nani, sijui. Daftari halijalalamika, na mtu mwingine hasomi humu. Lakini nimefundisha watoto miaka mingi kwamba aliyekatiza kazi yake aeleze sababu. Basi, sababu ni uvivu. Kwanza niliandika "majukumu". Nimelifuta.

Baridi kali! Hapa Sarepta, juu ya mlima, Julai haina huruma. Tupo familia tisa, nyumba tisa, mali moja. Tuliuza ng'ombe wetu, tukaunganisha mashamba, tukasema tutaishi kama Wakristo wa kwanza: ghala moja, jiko moja, meza moja. Kengele ikilia wote tunakwenda mezani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Jina la mahali nililichagua mimi. Kanuni nyingi pia nilizitunga mimi. Mwalimu mstaafu hapewi karatasi tupu bila hasara.

Kanuni ninayojivunia kuliko zote ni ya mawe. Kwa ajili ya baridi, kila nyumba imeruhusiwa moto wa kuota. Kupika, hapana. Kwa hiyo mawe mawili kando ya moto ni ya kukalia. Mawe matatu ni mafiga, na mafiga ni uchoyo, kwa maana apikaye peke yake amejitenga na ndugu zake. Kanuni safi! Kila mwanzo wa mwezi ninapita nyumba kwa nyumba na fimbo yangu, ninahesabu. Siku za Pasaka niliyakuta matatu kwa Asukile, kijana aliyetoka Mbeya, na mkewe Rozalia. Adhabu yao: walikula wamesimama nje, karibu na ghala, mwezi mzima. Walipomaliza nikawapa mkono mbele ya watu wote. Niliona nimefanya jambo la upole.

Leo nimepita tena. Kote mawili mawili. Nikarudi nyumbani nimeridhika, nikakaa nivue viatu. Nikahesabu kwa mazoea tu.

Matatu.

"Mama Saulo," nikasema, "mawe haya ni ya nini?"

Yudith, mke wangu, hakugeuka. "Moja lako, moja langu."

"Na la tatu?"

"La mgeni."

Nikamwambia mgeni hajaja. Akasema ndiyo maana liko wazi.

Lina masizi.

Alhamisi, 5 Julai

Jiwe bado lipo. Nilikusudia kulitoa Jumanne. Jumanne alasiri, kabla ya kengele, nilirudi kutoka shambani nikakuta chungu juu yake. Ugali wa ulezi. Majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Nikasimama mlangoni kama askari wa boma.

"Karipia umekaa, Baba Saulo," akasema Yudith. "Chakula kinapoa."

Nikakaa. Nikakaripia kati ya tonge na tonge. Kabla ya hapo nilisali, nikajishika nikisema "amina" kwa kunong'ona ili jirani asisikie. Mzee wa kanisa anamficha Mungu kwa jirani!

Niseme ukweli kuhusu jiko letu la pamoja. Benedicta, mjane anayelisimamia, ana moyo wa malaika na mkono wa fundi matofali. Ugali wake ukianguka hauvunjiki.

Nilimwuliza Yudith, je, hashibi mezani? Anashiba. Basi kwa nini? Akachochea moto.

"Tangu tuje hapa sijakuona ukila. Nakaa kule kwa wanawake, naona kisogo chako tu. Kisogo hakisemi kama chumvi imekolea."

Nikamwambia imekolea. Kesho nitalitoa.

Jumapili, 8 Julai

Sijalitoa. Jana na juzi pia nilikula nyumbani, kisha kengele ikalia, nikaenda mezani, nikashindwa. Tumbo la mtu wa umri wangu halina vyumba viwili. Nikasukuma sahani pembeni. Niliona Benedicta ananitazama, nikafikiri amegundua.

Leo baada ya ibada Silvester akasimama. Silvester ndiye mhubiri wetu, kijana mwenye machozi ya karibu. Akasema, ndugu zangu, yupo mzee miongoni mwetu ambaye siku hizi hagusi chakula. Hasemi. Hajitangazi. Anafunga kwa ajili yetu sote! Watu wakageuka kunitazama. Benedicta akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua kinywa niseme.

Nikabeua.

Nikaifunika mbweu ile kwa kikohozi. Silvester akasema, mwaona jinsi roho yake inavyougua.

Jumatano, 11 Julai

Nimeombwa nifundishe juu ya kufunga. Nikafundisha! Ingefaa radhi nimwombe Mungu, si daftari. Somo lilikuwa zuri, lenye vichwa vitatu, kila kimoja kikimfuata mwenziwe kwa adabu. Nilisema afungaye asijionyeshe mbele za watu. Wakanitazama kwa upendo, wakaona ninajieleza mwenyewe.

Yudith alikuwa upande wa wanawake. Alishika mdomo kwa viganja viwili. Wenzake wakadhani analia, wakampigapiga mgongoni kumtuliza.

Matokeo: nusu ya meza sasa wanafunga. Asukile naye anafunga, na ndiye anayechimba mfereji wa maji tangu alfajiri. Mabaki wanapewa kuku. Kuku wa Sarepta wamenenepa, na mzee wa Sarepta pia. Jana kifungo cha suruali kiliniacha nikiwa nimeinama kuchuma maharage.

Jumatatu, 16 Julai

Iringa, na Asukile, kuuza maharage. Nilibeba suruali kwenye kifurushi nikijiambia kwamba ni jambo dogo. Fundi wangu ni Mzee Mrisho, mtu wa asili ya pwani, anashonea kwenye baraza ya duka karibu na soko. Nilimwambia Asukile aningoje sokoni. Akasema hapana, Baba Mwalimu, nitakubebea.

Mrisho akanizungushia kamba ya kipimo, pini mdomoni. Akapima mara ya pili.

"Mwalimu, hii suruali nimekukatia mwenyewe mwaka jana. Suruali haijapungua. Unapewa nini huko mlimani?"

Asukile akanijibia, kwa fahari: "Huyu mzee anafunga, shehe. Wiki ya pili hii."

Mrisho akazitoa pini mdomoni, moja moja, ili acheke bila kujiumiza. Akasema yeye Ramadhani iliyopita alifunga mwezi mzima akabaki mifupa. "Kumbe ninyi mnafunga na kiuno kinaongezeka! Nifundishe, Mwalimu. Wallahi nitakushonea bure."

Nikacheka pia. Tulicheka mimi na Mrisho peke yetu. Asukile alikuwa anakitazama kiuno changu, kisha akatazama barabarani.

Tulirudi nyuma ya lori lililokuwa likienda Igawa kuchukua mchele. Vumbi. Tulipokaribia kushuka Asukile akasema, taratibu kabisa:

"Yale mawe Rozalia aliyarudisha mtoni mwenyewe, Baba Mwalimu. Kwa kichwa. Mimba ilikuwa changa, harufu ya jiko la pamoja ilimtapisha. Alikuwa anapika uji wa limau tu."

Nikasema hawakuniambia.

"Hukuuliza. Ulihesabu."

Akashuka, akabeba magunia matupu. Na kifurushi changu cha suruali. Alikuwa ameahidi kukibeba, akakibeba mpaka mlangoni kwangu.

Jumatano, 18 Julai

Nimemwambia Yudith kwamba kesho kutwa nitasema mezani, na kwamba kabla sijasema mawe yatoke. Mtu hatubu huku chungu kinachemka. Nilidhani atafurahi kuwa na mume mwongofu.

"Yakitoka, na mimi natoka," akasema. "Naenda Kalenga kwa kaka yangu. Wewe baki hapa na meza yako."

Nikasema anatania. Akaanza kukunja kanga.

Nikasema, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba mahali hapa paliitwa Sarepta kwa sababu ya yule mjane wa Maandiko ambaye unga wake haukuisha, kwa kuwa alimgawia mtumishi wa Mungu. Akaweka kanga chini.

"Na alimpikia wapi huyo mtumishi? Siyo kwake? Kulikuwa na kengele?"

Nimefundisha Maandiko tangu ujana wangu. Sikuwahi kujiuliza mjane yule alipikia wapi.

"Sijakataa meza," akasema baadaye, tumezima taa. "Mezani nitakuja, na kibuyu cha unga nitaleta. Lakini nimekuwa mkeo tangu una nywele. Nataka nikuone ukila."

Ijumaa, 20 Julai

Nimesema.

Nilisimama kabla ya baraka ya chakula. Nikasema sikufunga hata siku moja. Nikasema nyumbani kwangu mna mawe matatu, nimekula juu yake tangu mwanzo wa mwezi, na kwamba suruali yangu iko kwa Mrisho inaongezwa. Sikutumia vichwa vitatu. Nikawaomba radhi Asukile na Rozalia kwa majina.

Nusu ya walionisikiliza walikuwa na njaa kwa sababu yangu.

Wa kwanza kusema alikuwa Benedicta. "Mama Saulo alipika nini?"

Yudith, kutoka upande wa wanawake: "Majani ya maboga."

"Na karanga?"

"Na karanga."

"Ee Bwana," akasema Benedicta, na hata sasa sijui ilikuwa sala au wivu. Watu wakacheka. Wengine waliofunga wakavuta sahani. Nilifikiri yamekwisha. Mimi ni mwepesi kufikiri yamekwisha.

Silvester hakucheka. Alikuwa amekunja mikono. Wakaanza wengine: basi kila nyumba iwe na mafiga yake, tumechoka kujificha! Kumbe si mimi peke yangu. Nyumba mbili nyingine huwa wanalitoa jiwe la tatu nje wakisikia fimbo yangu, nikishapita wanalirudisha. Hesabu yangu yote ile!

Silvester akauliza: "Kila mtu akipika kwake, mezani atakuja nani?"

Akajibu Benedicta, naye safari hii hakutania. "Nitakuja mimi. Na yule bibi wa nyumba ya mwisho. Mimi na yeye tutatazamana." Akachukua upawa. "Tangu mume wangu afe, hapa ndipo nilipopata watu wa kuwapikia. Ugali wangu mbaya, najua. Mnadhani sijui? Lakini mlikuwa mnakuja."

Nilikaa. Sikuweza kumtazama. Yale ya fundi matofali niliyoyaandika hapo juu ningeyafuta, lakini nimeyaacha yanitazame.

Wakaamua jambo lijadiliwe kesho katika kikao cha nyumba zote. Neno la mwisho ni la mzee. Hiyo nayo ni kanuni. Niliitunga mimi, mwaka wa kwanza, nikiwa na hakika kwamba mzee atakuwa anajua la kusema.

Asukile alisimama akaenda nje na sahani yake, akala karibu na ghala. Nikamfuata na yangu. Nikasimama pale pale alipokuwa anasimama. Hakunifukuza. Baada ya muda akasema, "Kuna upepo upande huo, Baba. Hamia huku."

Jumamosi, 21 Julai

Asubuhi. Sanduku la Yudith liko mlangoni, limefungwa kwa kamba. Mawe yapo. Sijui lipi nitazame.

Nimesali tangu kuche. Ninaona wazi upande wa Silvester na wa Benedicta: tukigawanya moto tutaugawanya na moyo, na wasio na watu watabaki mezani na sufuria kubwa. Ninaona wazi pia upande wa mke wangu. Maisha yangu yote niliwaambia wanafunzi kwamba anayeona wazi pande mbili hajasoma swali vizuri. Ningependa kuwaomba radhi wale wanafunzi.

Sasa hivi hodi imepigwa. Rozalia! Na tumbo lile, na jiwe kichwani! Nikaruka nimpokee, nikapiga kelele kwamba ataanguka, ni nani aliyemtuma. Akanipa jiwe kama anayempa mtu mtoto.

"Shikamoo, Baba Mwalimu. Nimekuja na la kwangu la kukalia. Hizo tatu ziache zifanye kazi yake."

Nimekaa na jiwe mikononi, wala sikumsahihisha ngeli. Yudith alicheka, kisha akageukia ukuta kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anayecheka.

Benedicta naye amepita nje, anakwenda kupiga kengele ya kikao. Akachungulia. Aliyaona mawe, akaona sanduku. Hakuingia. Akasema tu, "Yudith, ukiondoka, nani atanifundisha hizo karanga?" Akaenda zake.

Kengele inalia. Wanaume wanapita kwenda kikaoni, ninasikia viatu vyao. Silvester amesimama njiani, ananingoja.

Rozalia amelichukua jiwe lake, amelikalia. Juu ya yale matatu kuna maji, yameanza kuchemka, na Yudith ameshika kibuyu cha unga. Hamwagi. Ananitazama usoni, si kisogoni.

"Nitie, Baba Saulo, au nisitie?"

Nitaandika tukishaamua. Ni mimi na kikao, au ni mimi na yeye, hata hilo bado sijui. Fimbo yangu siioni. Nafikiri Rozalia ameikalia.