Ng'ombe Wanaomsubiri Luhaga

Kasoli, Bariadi
12 Agosti 1996

Mpendwa kaka Luhaga,

Mwangaluka. Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii inakukuta mzima huko kikosini, na kwamba goti uliloumia mazoezini limeacha kuvimba. Sisi ni mhola, hatujambo, isipokuwa mama, mayu wetu, anakohoa tangu tuanze kuchuma pamba.

Barua yako ilifika, nikamsomea baba uani, mayu akisikiliza toka jikoni. Nilipofika pale unapouliza kama uache jeshi, baba hakungoja nimalize. Alisema, "Jeshi limekula goti moja, linasubiri la pili." Ameniagiza nikuandikie uje haraka kwa sababu kazi ipo. Hata sasa amekaa mlangoni anasokota kamba, akingoja nimalize kuandika.

Kazi yenyewe ni ya udereva. Ghala la ushirika limebaki la popo, na pamba ya hapa sasa inanunuliwa na watu binafsi. Mmoja wao ni Mashimba, mwenye malori mawili. Moja halina dereva, naye alikuja kusema anakutaka wewe, maana dereva wa jeshi akiiba dizeli anaiba kwa mpangilio. Majirani walicheka, baba akacheka kuliko wote. Mashimba alikuwa akimwita "baba" kila baada ya neno, ingawa wanalingana umri. Nilidhani ni adabu ya mfanyabiashara.

Baba alitaka niishie hapo. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa herufi za magunia ya mbolea, siwezi kukuficha.

Mashimba anataka kunioa, niwe mke wa tatu. Lori lako ni sehemu ya mapatano. Mayu ndiye aliyeniambia tukiwa shambani, mikono yake ikiendelea kuchuma, bila kuniangalia. Baba anasema kidato cha tatu kinanitosha, na kwamba ng'ombe wa mahari yangu ndio utakaowatumia kuoa, kama yeye alivyomwoa mayu kwa ng'ombe wa shangazi. Wanakungoja kwa kuwa mtoto mkubwa wa kiume ndiye husimama mlangoni mwa zizi kukagua ng'ombe wa mahari, akawakubali au akawakataa. Usipofika kabla ya mvua za kwanza, baba mdogo Salu atasimama badala yako, naye hajawahi kukataa ng'ombe.

Kwa hiyo ukibaki kikosini, nitaolewa. Ukija ukawakubali, utapata lori na mke. Ukiwakataa, hakuna lori, baba hatakusamehe, na utarudi kwenye gwaride na goti lilelile. Nimeandika mara nyingi sentensi ya kukuomba, nikaifuta. Utaona karatasi ilivyochakaa hapa. Mwalimu Eufrasia husema mimi ni bubu darasani lakini kwenye insha nasema. Leo hata kuandika kumenishinda.

Mayu anakusalimu, anasema usilale na buti mguuni. Mfikishie rafiki yako Marcelo salamu zetu, na Mungu akulinde popote watakapokupeleka.

Baba ameniuliza sasa hivi nimeandika nini. Nimemjibu kwamba nimekuandikia uje.

Sikumdanganya.

Mdogo wako,
Nyanjige