Mruko wa Saba

Tunis, 4 Februari

Mama mpenzi,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima, hofu ni kwako na hilo goti. Unalipaka mafuta ya zeituni, au umempa mama mdogo Mbarka apikie?

Filamu yetu imekwisha. Inajifanya ya maisha halisi, kumbe yote ni ya kubuni: kamera inawafuata wanaume wawili wanaopendana wakijiandalia harusi, na wanahojiwa kama kwenye taarifa ya habari. Mwigizaji mmoja aliogopa akatukimbia, nikaingia mwenyewe mahali pake. Mwenzangu ni Marwen, yule ninayekaa naye, uliyemsifu kwa kuosha vyombo. Ukisikia maneno ya watu usishtuke. Ni kuigiza tu.

Mwanao,
Ghazi

Sfax, 11 Februari

Ghazi mwanangu,

Waaleikum salaam. Goti halijambo, moyo ndio umevimba. Binamu yako Hedi ameniletea hiyo filamu kwenye simu yake, na muda wote nikiangalia yeye aligeukia ukuta.

Nimekiona kitambaa changu cha harusi, kile kilichotariziwa jina langu. Nimemwona chewa mzima sakafuni, na wewe umemshika mkono huyo Marwen, mnamruka kama maharusi wa hapa kwetu. Kumbe ndiyo maana ulinipigia simu: "Mama, maharusi humruka samaki mara ngapi?" Nami mjinga nikakuhesabia hadi saba! Kuigiza gani huko kwa chewa mzima? Wa plastiki asingetosha?

Usinijibu upesi. Nikiwa na hasira nasema ya kujutia.

Mama yako

Tunis, 2 Machi

Mama,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima, hata kama hutaki kujua hali yangu.

Nilinyamaza kama ulivyotaka. Jumatatu polisi walikuja. Walichukua simu na kompyuta, wakamchukua na Marwen siku mbili. Amerudi, lakini hali chakula, na mlango ukigongwa anaingia chooni. Wanasema filamu ni ushahidi kwamba tumeoana, na kifungo chake ni miaka mitatu. Afisa mwenyewe ni mtu wa Sfax, amemng'ang'ania samaki: "Hilo si la kuigiza. Hata mimi nilimruka."

Watakuita, maana kitambaa kina jina lako. Ukitaka kunikana, nikane. Ila ule uongo wa Februari siwezi kuurudia kwako, Mama. Nampenda. Choma barua hii.

Mwanao,
Ghazi

Sfax, 19 Machi

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Barua nimeichoma, na uji wa shayiri ukaungua pamoja nayo.

Juzi nilikaa mbele ya afisa wako. Akaniwekea filamu. "Mama, hii si harusi?"

"Rudisha nyuma, mwanangu, uhesabu."

Akahesabu kwa sauti. Sita. Hapo Marwen anateleza, mnaanguka wote mnacheka, picha inakatika.

"Wewe ulimruka mara ngapi?" nikamuuliza.

"Saba."

"Mama yako angekukubalia sita?"

"Mama yangu? Thubutu!"

"Basi hawa ni waigizaji, tena wabovu. Mtu wa Sfax aliyeoa kweli haachi ya saba."

Akakuna kichwa, akaandika, nikatia sahihi. Leo wakili amenipigia: faili limefungwa. Wala sikusema uongo hata neno moja.

Usidhani hasira imekwisha. Naona aibu, naogopa, na majirani zetu unawajua midomo yao. Lakini nimeiangalia filamu hiyo mara nne, hadi Hedi ananificha simu. Tangu baba yako afariki sijakuona ukicheka vile.

Ijumaa uje, na huyo mwosha vyombo uje naye. Msile njiani. Nimeagiza chewa mkubwa, na sakafu nitaikausha mwenyewe asije akateleza tena. Mtamruka mara moja tu. Zile sita nimeshazihesabu.

Mama yenu